Swichi ya Mkono ya Feni ya Rejeta: Inapokataa, Inapogoma Kuzima na Inapounguza Fyuzi

Gari likiwa kwenye foleni mshale wa joto unapanda. Likipata barabara ya wazi unashuka. Fundi anafungua boneti, anakuta injini inakaribia kuchemsha na feni imetulia tu. Sensa, ile inayosikia joto na kuiwasha feni, imekufa; mpya haipatikani siku hiyo, au inapatikana kwa bei inayouma, basi anavuta waya hadi kwenye dashibodi na kuweka swichi. "Bosi, ukiona mshale unapanda, washa hii."

Wazo lenyewe halina ubaya. Anayepandisha mlima Kitonga na mzigo anaweza kuiwasha feni mapema, na sensa ikifa safarini swichi hiyo inaweza kuokoa silinda hedi. Tatizo liko kwenye namna ya kuifunga, na malalamiko ni yale yale: feni haiwaki, feni haizimi, fyuzi zinaungua, plastiki inanuka, betri imekufa asubuhi.

Msimamo wangu nauweka hapa mwanzoni. Swichi ya mkono kazi yake ni kuongeza njia ya pili ya kuwasha feni. Haitakiwi kuwa na uwezo wa kuizuia feni isiwake yenyewe. Wanaopita kwenye maji mengi hutaka na nafasi ya kuzima, kwa sababu mapanga yakikata maji yanaweza kupinda na kutoboa rejeta. Sababu hiyo ni ya kweli, lakini iwekee swichi yake peke yake yenye taa ya onyo. Swichi ya nafasi tatu ambayo katikati yake ni kuzima kila kitu itakuponza siku utakapomwazima mtu gari.

Kabla ya kushika chochote

Feni ya umeme inaweza kuanza kuzunguka wakati wowote, kwenye magari mengine hata ufunguo ukiwa mfukoni. Kabla ya kuingiza mkono karibu na mapanga, toa kichwa cha hasi cha betri. Pale ambapo kipimo kinahitaji umeme uwepo, vidole, mikono ya shati na mikufu vikae mbali. Kifuniko cha rejeta hakifunguliwi injini ikiwa ya moto: maji yamo ndani kwa shinikizo, yanaweza kuwa yamepita nyuzi 100, na yakipata upenyo yanaruka usoni.

Andaa multimeta, hata ya bei rahisi, taa ya kupimia ya volti 12, rilei moja nzima ya kujaribia (rilei ni swichi inayoendeshwa na umeme mdogo kwenye koili yake ili kupitisha au kukata umeme mkubwa), na kipande cha waya mnene chenye fyuzi ya ampia 20 katikati. Kipande hicho nitakiita waya wa kujaribia. Usikitumie bila fyuzi.

Kwanza ijue feni yako inawashwaje

Hapa ndipo wengi wanapopotea. Wanafunga swichi kwenye gari B kwa mchoro wa gari A, na matatizo mengi yaliyoko chini yanazaliwa hapo.

Kuna magari ambayo sensa ya feni ni swichi ya kawaida ya joto: injini ikipata moto, inaunganisha. Kwenye Volkswagen Golf za zamani iko kwenye rejeta na inapitisha umeme kwenda kwenye feni. Kwenye magari mengine inaunganisha waya wa koili ya rilei na bodi, yaani bati la gari ambalo ndilo hasi. Hii tuite aina ya kuunganisha.

Kisha kuna Toyota za miaka ya 1990, kwa mfano Corolla yenye injini ya 4A-FE. Hapa mambo yamegeuzwa. Injini ikiwa baridi swichi ya joto imeunganika. Ikifika karibu nyuzi 93 inaachia, na ikishuka chini ya 83 inaunganika tena. Rilei yake nayo inapitisha umeme kwenda kwenye feni pale koili inapokosa umeme. Faida yake ni kwamba waya wa sensa ukikatika feni inazunguka, haibaki kimya huku injini ikiungua. Hii ni aina ya kuachia.

Magari ya karibuni yameikabidhi kazi hiyo kontrol boksi, yaani kompyuta ya injini. Sensa yake si swichi tena, ni kitu ambacho ukinzani wake unabadilika kwa joto. Kontrol boksi inaupelekea waya huo volti 5, inasoma kilichobaki, kisha inaamua kuwasha rilei. Mwisho kuna feni zenye moduli ya kasi, ambazo huanza polepole na kuongeza mwendo kidogo kidogo. Hizo nitazigusa mwishoni, na neno langu juu yake ni fupi.

Kipimo cha kutofautisha ni hiki. Washa injini ikiwa bado baridi, AC imezimwa. Chomoa soketi ya sensa, mikono ikiwa mbali na mapanga. Feni ikiwaka papo hapo bila taa ya injini kuwaka kwenye dashibodi, ni aina ya kuachia. Ikiwaka pamoja na taa ya injini, kontrol boksi imeona sensa imepotea na imewasha feni kwa kujilinda. Isipowaka, zima injini, rudisha ufunguo kwenye ON, kisha pima waya wa soketi kwa multimeta kabla ya kuugusisha popote. Ukisoma karibu volti 5, acha, huo ni wa kontrol boksi. Ukisoma karibu volti 12 na gari ni la aina ya kuunganisha, gusisha waya huo kwenye bodi kupitia waya wa kujaribia, au kama soketi ina nyaya mbili nene, ziunganishe hizo mbili. Feni itawaka.

Kuipelekea sensa ya volti 5 umeme wa volti 12 kunaweza kuua kontrol boksi. Fyuzi haitakuokoa hapo.

Inavyotakiwa kufungwa

Ili ujue kilichokosewa, lazima ujue kilicho sahihi. Gari la aina ya kuunganisha lenye rilei linahitaji kazi ndogo kuliko yote: waya mwembamba unatoka kwenye waya wa koili unaokwenda kwenye sensa, unapita kwenye swichi yako, unaishia kwenye bodi. Sensa na swichi zinakuwa sambamba, yeyote atakayeunganisha anawasha feni.

Kwa aina ya kuachia fanya kinyume. Swichi inakaa katikati ya waya wa sensa na siku zote imeunganika. Ukitaka feni, unaiachia. Chagua swichi ambayo haiwezi kusukumwa kwa bahati mbaya, na weka alama ya upande wa kuwasha, kwani "kuzima" hapa ndiko kuwasha.

Kwa magari mengine njia salama ni rilei ya pili. Mguu wa rilei wenye namba 30 unapata umeme wa betri kupitia fyuzi iliyofungwa karibu na betri, isizidi kama sentimita 20. Mguu wa 87 unakwenda kwenye chanya ya mota. Mguu wa 86 unapata umeme unaokuja ufunguo ukiwa ON, kupitia fyuzi ndogo ya ampia 3 au 5. Mguu wa 85 unapita kwenye swichi na kuishia kwenye bodi. Kwa mpangilio huu swichi inabeba umeme wa koili tu, ambao haufiki robo ya ampia. Feni ya gari dogo hula takribani ampia 7 hadi 15, ya gari kubwa inaweza kupita 25, na pale inapoanza kuzunguka huvuta mara mbili au tatu ya hapo kwa muda mfupi. Kwa feni ndogo waya wa milimita za mraba 2.5 na fyuzi ya ampia 20 vinatosha. Kwa kubwa tumia milimita 4 na fyuzi ya 30.

Mpangilio wa rilei ya pili ni kwa gari lenye feni moja, au feni mbili zinazojitegemea, ambazo mota yake inawashwa upande wa chanya. Kuna magari yenye feni mbili na rilei tatu, ambapo kwa mwendo mdogo umeme unapita feni ya kwanza kisha ya pili, na kwa mwendo mkubwa kila moja inapata wake. Ukichomeka umeme katikati ya mpangilio huo unarudi nyuma kupitia feni nyingine. Hilo mpe fundi umeme mwenye mchoro wa gari hilo.

Dalili: nawasha swichi, feni kimya

Zima redio, weka ufunguo ON, washa swichi na usikilize. Rilei inasema "tak"?

Ikisema, upande wa swichi na koili ni mzima, usiufungue. Tatizo liko kwenye umeme mkubwa. Anza na fyuzi kubwa, na usiitazame kwa macho tu: ichomoe uipime, kwa kuwa nyingine hukatika mahali pasipoonekana. Kisha pima mguu wa 30, uwe na volti za betri. Pima 87 swichi ikiwa imewashwa, nao uwe na volti zile zile. Kama 30 inazo na 87 haina, rilei imeungua ndani ingawa inagonga. Kama 87 inazo, fuata waya hadi kwenye soketi ya feni. Vichwa vya soketi vilivyolegea au vyenye kutu ya kijani ndivyo utakavyovikuta mara nyingi zaidi, hasa kwenye gari linalooshwa injini kwa maji ya presha.

Rilei ikikaa kimya, sababu ya kwanza ni hasi mbovu. Waya umebanwa na skrubu juu ya rangi, au kwenye bati lenye kutu. Kwangua hadi chuma king'ae, funga kwa nati na washa (kile kipete cha chuma) yenye meno. Ya pili ni fyuzi ndogo ya koili. Ya tatu ni kwamba chanya ya koili imechukuliwa kwenye waya usio na umeme ufunguo ukiwa ON. Swichi yenyewe ije mwisho: toa nyaya zake mbili uziunganishe, rilei ikigonga, swichi ni mbovu.

Kila kitu kikiwa sawa na feni bado haizunguki, chomoa soketi yake na uipe umeme moja kwa moja kutoka betri kupitia waya wa kujaribia, na hasi nayo itoke betri. Ikikataa, gonga mgongo wa mota kwa mpini wa bisibisi, si mapanga. Ikishtuka na kuzunguka, kaboni zinazopitisha umeme ndani ya mota zimekwisha. Mafundi wa mota hubadilisha kaboni, ila busha zikiwa zimelika pia ni afadhali ununue mota nyingine. Ikiunguza fyuzi ya waya wa kujaribia, na si ile feni kubwa inayokula zaidi ya ampia 20, mota imejikaza au imepiga shoti ndani. Usiweke fyuzi kubwa zaidi ili kuilazimisha.

Dalili: feni haizimi, asubuhi betri imekufa

Kabla ya kulaumu waya, kumbuka kwamba baadhi ya magari huacha feni izunguke dakika kadhaa baada ya kuzima injini ya moto. Hiyo si hitilafu. Hitilafu ni feni inayozunguka saa nzima au inayoanza injini ikiwa ya baridi. Feni ya ampia 10 inaweza kuimaliza betri ya ampia 45 kwa saa nne au tano, na gari litakataa kuwaka mapema kuliko hapo.

Sababu inayoongoza ni ya kawaida kabisa: koili imepewa umeme wa kudumu wa betri, na dereva amesahau swichi. Hamisha mguu wa 86 kwenye umeme wa ufunguo. Mafundi wengine hutetea umeme wa kudumu wakisema feni iendelee kupoza injini baada ya kuzima. Sikubaliani nao. Pampu ya maji ikisimama, feni inapoza hasa maji yaliyomo kwenye rejeta.

Kama swichi imezimwa na feni bado inazunguka, chomoa rilei. Ikisimama, irudishe, kisha chomoa waya wa swichi. Ikisimama sasa, swichi au waya wake unagusa bodi mahali, mara nyingi pale unapopita kwenye ukuta kati ya injini na kabini bila mpira wa kuulinda. Ikiendelea, rilei imegandana ndani. Rilei hugandana inapobebeshwa umeme unaoizidi, kwa hiyo pima feni inakula ampia ngapi kabla ya kuweka nyingine ya aina ile ile. Kama feni haikusimama hata ulipochomoa rilei yako, umeme unatoka kwa rilei ya gari yenyewe; nenda kwenye sensa na uangalie AC isije ikawa imewashwa.

Dalili: nikizima inazunguka, nikiwasha inasimama

Mara nyingi umeuziwa rilei ya miguu mitano na feni imefungwa kwenye mguu wa 87a, ule wa katikati, badala ya 87. Hamisha waya, basi. Kwenye Corolla niliyoitaja juu hali hii ni ya kawaida kama swichi imekaa katikati ya waya wa sensa. Geuza alama tu.

Dalili: tangu swichi iwekwe, feni haiwaki yenyewe

Kwangu hii ndiyo dalili mbaya kuliko zote, kwa sababu mwenye gari haioni. Amezoea kubonyeza, na siku atakayosahau ataiona kwa mvuke.

Sababu ya kawaida ni kwamba otomatiki ilikuwa imekufa tangu mwanzo, na swichi imeifunika. Rilei ya gari ni mbovu, au sensa imekufa, na hakuna aliyeendelea kutafuta. Zima swichi, acha injini ingurume palepale huku ukitazama mshale, AC imezimwa. Injini nyingi feni huwaka kati ya nyuzi 90 na 100 na kitu, wakati mshale uko katikati au umepita kidogo. Ukipita robo tatu na feni haijawaka, washa kwa mkono na usiendelee kungoja.

Sababu ya pili: fundi alikata waya wa otomatiki ili kupitisha wake. Fuata nyaya za feni kuanzia kwenye soketi ya mota kurudi nyuma. Waya wa kiwandani uliokatwa na kufungwa selotepu nyeusi bila kuunganishwa na kitu ndio huo. Urudishe.

Ya tatu ni ya Toyota za aina ya kuachia. Mtu ameweka swichi inayopeleka waya wa sensa kwenye bodi, kama ambavyo angefanya kwenye gari la aina ya kuunganisha. Matokeo yake, swichi ikiwashwa, koili inashikwa na umeme muda wote, rilei haipitishi kitu, na feni haiwaki hata maji yachemke. Ukikuta hali hiyo, ondoa waya huo wa bodi leo hii, kabla ya kitu kingine chochote. Dalili yake haikosei: chomoa waya wa swichi yako, feni inaanza kufuata joto vizuri.

Mwisho, kwa magari ya kontrol boksi, huenda fundi alichomoa sensa na kuweka kipingamizi ili taa ya injini isiwake. Kontrol boksi inaamini injini ina joto lile lile saa zote. Mafuta yatakwenda ovyo na feni haitajua lolote. Rudisha sensa halisi.

Dalili: fyuzi inaungua

Itazame inaungua lini, maana wakati ndio unaokuambia sababu.

Ikiungua palepale unapowasha swichi, kuna shoti. Kama swichi ina taa ndani na miguu mitatu, anza hapo: mguu wa hasi wa taa huunganishwa kimakosa na mguu wa kutolea umeme, na swichi ikiwashwa chanya inakutana na bodi. Swichi yenye taa imetengenezwa kukatia upande wa chanya. Kama swichi yako inakatia upande wa bodi, tumia isiyo na taa. Baada ya hapo tafuta waya uliobanwa au kuchubuka. Njia ya haraka ni kuweka balbu ya taa kubwa mahali pa fyuzi na kuchomoa soketi ya feni. Balbu ikiwaka kwa nguvu, shoti iko kwenye waya. Tikisa waya kipande kwa kipande. Pale balbu inapofifia ndipo penye jeraha.

Ikiungua sekunde chache baada ya feni kuanza, ama fyuzi ni ndogo kwa mota hiyo, ama mota ni nzito. Zungusha mapanga kwa mkono, betri imetolewa. Yawe mepesi.

Halafu kuna ile inayowasumbua wengi: fyuzi inaungua tu gari likishapata moto na swichi ikiwa imewashwa. Hapo mota ina chanya ya kudumu, na gari linaiwasha kwa kuunganisha upande wake wa hasi. Fundi hakujua, akachomeka chanya ya swichi kwenye waya huo wa hasi. Wakati wa baridi hakionekani kitu, ila feni nayo haizunguki kwa kuwa pande zote mbili ni chanya. Joto likipanda, sensa au rilei ya gari inaupeleka waya ule ule kwenye bodi, na chanya yako inakwenda nayo. Suluhisho ni swichi na rilei yako nazo kukatia upande wa hasi.

Usipandishe fyuzi kutoka 20 kwenda 40 ili "ivumilie". Fyuzi inalinda waya. Ikiwa kubwa kuliko waya, waya ndio utakaogeuka fyuzi, na uko ndani ya dashibodi karibu na miguu yako.

Dalili: swichi inapata moto, plastiki inanuka

Zima, toa hasi ya betri. Usiendeshe kwanza.

Karibu kila mara umeme wote wa feni unapita kwenye swichi, hakuna rilei. Nimeona hata swichi za taa za nyumbani zikitumika hivyo. Maandishi ya "16A 250V" kwenye swichi ya aina hiyo yanahusu umeme wa nyumbani, ambao unapita sifuri mara nyingi kwa sekunde na kuuzima moto unaoruka ndani ya swichi. Umeme wa betri hauna nafasi hiyo, na mota inapokatwa cheche yake ni kali. Weka rilei, na kata kila sehemu ya waya iliyogeuka ngumu au nyeusi, usiifunge selotepu.

Kama rilei ipo na bado kuna joto, shika viungo kimoja kimoja baada ya dakika tano za feni kuzunguka. Cha moto ndicho kibovu. Waya uliosokotwa kwa vidole na kufungwa tepu karibu na rejeta haudumu: tumia vichwa vya kubana kwa koleo lake, au solda, kisha mpira unaosinyaa kwa moto.

Dalili: feni inazunguka kwa uvivu, au inapuliza kinyume

Pima volti kwenye soketi ya feni ikiwa inazunguka na injini inanguruma. Betri ikiwa na 14, feni isipungukiwe na zaidi ya nusu volti upande wa chanya, na upande wa hasi upotevu uwe mdogo zaidi ya hapo. Zinazopotea nyingi zinapotea kwenye waya mwembamba, hasi yenye kutu au soketi. Volti zikiwa nzuri na feni mvivu, ni kaboni na busha.

Upande wa upepo unaujua kwa karatasi. Feni iliyo nyuma ya rejeta inavuta, kwa hiyo karatasi ikiwekwa mbele inanasa. Ikisukumwa, chanya na hasi vimebadilishana kwenye soketi. Gari likitembea, upepo wa njiani na wa feni vinapambana.

Dalili: nimetoa ufunguo, injini bado inanguruma

Inatisha mara ya kwanza, lakini sababu yake inaeleweka. Mota ya feni inayozunguka kwa upepo au kwa mwendo wake wenyewe inazalisha umeme. Kama feni imechukua umeme wake moja kwa moja kwenye waya wa ufunguo bila rilei, umeme huo unarudi kwenye saketi ya kuchomea mafuta na injini haizimi mara moja. Kama swichi inaleta umeme wa betri kwenye waya huo huo, haitazima kabisa. Tenganisha: umeme mkubwa utoke betri kupitia rilei, waya wa ufunguo ulishe koili peke yake.

Dalili: feni nzuri, gari bado linachemsha

Hapa swichi haina kosa. Uliza linachemsha wapi. Likichemsha barabara ya wazi kwa kilomita 80 kwa saa, feni haihusiki sana, maana upepo wa njiani unatosha. Tazama kwanza maji yamepungua na yanavuja wapi, kifuniko cha rejeta kilichochoka, rejeta iliyoziba kwa ndani au kujaa vumbi na wadudu kwa nje, hewa iliyobaki ndani baada ya kubadilisha maji. Kisha thamostati, mlango wa maji unaofunguka kwa joto: mpira wa juu wa rejeta ukiwa wa moto na wa chini baridi wakati mshale uko juu, huenda haifunguki, au rejeta imeziba. Pampu ya maji inafuata. Mapovu yasiyokoma kwenye rejeta, moshi mweupe usioisha, au mafuta yenye rangi ya chai ya maziwa yanaelekea kwenye gasketi ya silinda hedi. Hapo simamisha gari, usiendelee "pole pole mpaka gereji".

Mahali pa kuacha na kumwita fundi umeme

Nyaya zenye ganda la njano chini ya dashibodi na kwenye usukani ni za mifuko ya hewa ya ajali; usizipime kwa taa wala usichukue umeme kwake. Feni zenye moduli ya kasi usizipe umeme sambamba na moduli hiyo. Moduli itaungua haraka, na bei yake si ya mchezo. Fundi mwenye mashine ya kusoma kontrol boksi ataona kwa nini haipewi amri. Ukikuta furushi la nyaya limeyeyuka na kushikana, usilichane ukitafuta ule mmoja. Na kama gari ni la mseto, kama Prius au Aqua, nyaya za rangi ya machungwa zina zaidi ya volti 100 na zinaweza kuua. Hata waya wa volti 12 utakaoupitisha karibu nazo upitishwe na mtu aliyefundishwa magari hayo.